Kinyoya Kilichoanguka Katikati

Benchi letu lipo nje ya mkahawa wa Masta, na ni la chini mno. Ukiketi, magoti yanakaribia kidevu. Watu wameshatushauri tulibadilishe, tukawaambia wapite zao. Ng'ambo ya barabara, palepale mbele yetu, ndipo lilipo jumba la michezo la kilichokuwa kiwanda cha nyuzi, na jumba lile lina madirisha ya aina mbili. Ya juu yamefunikwa mapazia meusi mwaka mzima, maana mpira wa vinyoya hautaki upepo wala jua. Ya chini yako usawa wa sakafu, marefu na membamba, yenye nondo, na hayo ndiyo huachwa wazi kidogo ili wachezaji wasife kwa joto. Aliyeketi kwenye benchi la chini haoni uso wa mtu humo ndani. Anaona miguu. Sisi wa kijiwe hiki tumewajua mabingwa wa Japani kuanzia magotini kushuka chini, na hatuoni haya kusema tuliwajua vizuri kuliko waliowaona kwenye televisheni. Sasa ni mwisho wa Machi, chavua ya mierezi imetanda, mji mzima umevaa barakoa na kupiga chafya, na jumba linafungwa leo. Wiki ijayo tingatinga linaingia.

Tulikuwa wanne kama kawaida. Alikuwepo Ngoma, kinyozi, ambaye jina la kwao ni Ishigaki lakini hakuna anayelitumia tangu alipoongoza washangiliaji wa kiwanda na kulipiga lile goma kubwa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Leo alikuja nalo, kalifunga kwenye baiskeli, na kavaa lile koti fupi la buluu la washangiliaji ambalo siku hizi halifungi tumboni. Alikuwepo mzee Kumazawa, tunamwita Takwimu, aliyepima uzito wa nyuzi kiwandani maisha yake yote, na anayekumbuka matokeo ya kila mechi ila si siku aliyozaliwa mkewe. Alikuwepo Bibi Tofu, mjane, anayekuja akishauza tofu ya asubuhi, ile jibini laini ya soya, vidole bado vimekunjamana kwa maji baridi. Na mimi, fundi baiskeli, wananiita Pancha. Masta mwenyewe hakai. Yeye huleta kahawa, na kama ilivyo kwetu Gifu, kikombe cha asubuhi huja na mkate wa kuchoma na yai la kuchemsha bila kuongezewa bei. Mwenye mkahawa atakayethubutu kutoza pesa ya yai, mji huu atauhama.

Kwenye dirisha la chini miguu miwili ilikuwa ikienda na kurudi, inasukuma deki.

— Kotoe anadeki tena, nikasema. Sakafu inabomolewa wiki ijayo, yeye anaing'arisha.

— Muache, akasema Bibi Tofu. Ulitaka ampokee mgeni na vumbi?

— Mgeni gani? Ngoma akaguna. Kama unamsema Chinatsu, yule haji.

— Kotoe kampigia simu mwenyewe. Masta kasikia kwa masikio yake. Kamwambia, njoo tucheze mchezo mmoja tu kabla hawajabomoa.

— Na yule kajibu nini?

Bibi Tofu akagongagonga yai lake kwenye ubao wa benchi kabla ya kujibu.

— Kajibu, "Nitaangalia."

Hapa kwetu mtu akikwambia "nitaangalia", hata mtoto wa chekechea anajua ameambiwa hapana, ila kwa heshima.

Ile miguu ya kwenye deki naijua tangu ilipofika. Kotoe alikuja ana miaka kumi na minane, katoka milima ya Akita, kule theluji inakofunika milango na watoto hawana pa kuchezea ila ukumbi wa shule. Nyanya yake alimlazimisha kushika vijiti vya chakula kwa mkono wa kulia, kama walivyolazimishwa watoto wote wa zamani wenye shoto, lakini hakuna aliyekumbuka kumkataza raketi, kwa hiyo alikula kwa kulia na kupiga kwa kushoto. Asubuhi alikagua nyuzi kiwandani kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mchana king'ora kikilia, anavuka ua na begi lake kwenda mazoezini. Mwaka uleule akaletwa Chinatsu kutoka Kagoshima, kusini kabisa, binti wa kuchekacheka, mkono wa kulia, na kocha akawaweka pamoja. Shida ikawa moja tu. Huyu wa kaskazini na yule wa kusini kila mmoja aliongea lahaja ya kwao, na wakihaha uwanjani hawaelewani. Wakakubaliana maneno mawili. Anayekichukua kinyoya anaita "Changu!" Anayemwachia mwenzake anaita "Chako!" Basi.

— Mnakumbuka? akasema Bibi Tofu, kama aliyekuwa kichwani mwangu. Changu, chako, changu, chako, mchana kutwa. Wanangu wakawa wanagawana pipi kwa sauti hizohizo.

— Mimi nilinyoa watu kwa mdundo ule, akasema Ngoma. Chako ikichelewa, nimeshamkata mtu sikio.

— Na kiangazi je! Madirisha ya juu yamefungwa, ndani kama tanuri, sisi tunawapelekea barafu.

— Barafu ya muuza samaki, Takwimu akarekebisha. Siku ya robo fainali walinuka dagaa wote wawili. Walishinda.

— Si ndiyo maana walishinda! Nani angewasogelea?

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nasema kweli, nilikuwa naupenda mji wetu wa wakati ule, na sioni sababu ya kujikaza. King'ora, harufu ya sufu yenye joto, wasichana wa kiwanda wakipita kwa baiskeli barabara nzima, na pancha zao zote zinakuja kwangu. Vinyoya vilivyochakaa vilitupwa nyuma ya jumba na watoto wakavigombea. Siku Kotoe na Chinatsu walipokwenda kucheza Malesia, Takwimu alilisoma gazeti kwa sauti hapa kwenye benchi, na Masta akazima mashine ya kahawa ili tusikie. Mtaa ukawaunganisha majina wakawa kitu kimoja: Kotochi. Hukuwa unauliza Kotoe kashinda au Chinatsu kashinda. Unauliza, Kotochi vipi?

— Wangefika mbali wale, Takwimu akavuta pumzi. Kama si kile kinyoya.

— Haya, nikasema. Kimeanza.

Maana hicho ndicho kinyoya ambacho kijiwe hiki kimekila na kukicheua miaka ishirini. Ilikuwa fainali ya taifa, Tokyo. Tulikwenda mabasi mawili. Seti ya tatu, pointi ya mwisho, kinyoya kikapanda juu, kikashuka polepole katikati ya Kotoe na Chinatsu, nao wakasimama wanakitazama mpaka kikalala sakafuni. Ikawa imeisha. Timu ya taifa ikawachukua wale wengine. Mwaka haujaisha, Chinatsu akaacha kazi, akarudi Kagoshima, akaolewa, na hakukanyaga tena hapa. Kotoe akabaki, akapewa mwenza mwingine, na mwingine, na mwingine, wote wazuri, na hakuna aliyedumu naye. Baadaye kiwanda kikavunja timu, kisha kikajifunga chenyewe. Sasa Kotoe anapika chakula cha shule, na jioni anawafundisha kina mama vinyoya mlemle jumbani. Na sisi bado tunauliza: kile kilikuwa cha nani?

Takwimu alishasogeza sinia. Aliweka yai lake huku na yai langu kule.

— Tazameni. Huyu Kotoe, upande wa kulia wa uwanja, mkono wa shoto. Kwa hiyo raketi yake iko wapi?

— Katikati, tukajibu. Tumeshajibu mara nyingi mno.

— Huyu Chinatsu, upande wa kushoto, mkono wa kulia. Raketi yake iko wapi?

— Katikati.

— Kwa hiyo kinyoya kimekuja kwenye mikono miwili mizuri kuliko yote nchini, na... Wee Bibi! Umemla Chinatsu!

— Lilikuwa linapoa, akasema Bibi Tofu huku anatafuna.

Hapo ndipo mama mmoja aliposimama mbele yetu. Alikuwa na kofia, miwani mikubwa, barakoa hadi chini ya macho, na begi la kukokota. Mnene kidogo, wa umri wa Kotoe. Akainama.

— Samahanini. Hapa pana mtu?

— Pana Chinatsu, lakini ameshaliwa, akasema Ngoma. Karibu ukae, dada.

Yule mama akashtuka kidogo, nami nikadhani ni kwa sababu ya lile benchi, maana kila mgeni hushtuka linavyomshusha. Masta akachungulia mlangoni aje kumuuliza anakunywa nini. Akamtazama. Hakuuliza. Akarudi ndani, na baada ya muda akatoka na kahawa, na juu ya mkate wa kuchoma kapaka maharage matamu mekundu, mazito, hadi pembeni.

— Ebo! nikasema. Mbona sisi hatupakwi maharage?

— Nyie mna midomo inayotosha, akasema Masta, akaingia zake.

Yule mama alishusha barakoa kidogo tu, akanywa, akaipandisha.

— Nimewakatiza, akasema. Mlikuwa mnabishania nini?

Hilo ni swali ambalo hupaswi kuliuliza kijiwe hiki kama una treni ya kuwahi. Tukamweleza wote kwa pamoja, na kila mmoja akamrekebisha mwenzake.

— Mimi nasema ni upepo, akasema Ngoma. Siku zote nasema. Pointi ya mwisho, watu wa Tokyo wakawasha kiyoyozi. Mimi nilihisi hapa, shingoni. Kinyoya kilikuwa cha Kotoe, kikasukumwa na kiyoyozi.

— Ukumbi mzima uhisi joto, wewe tu uhisi kiyoyozi, akasema Takwimu. Ulikuwa unatoka jasho kama mtu anayefukuzwa.

— Basi ni bata bukini! Msinicheke. Dada, sikiliza, wewe mgeni una akili zako. Kinyoya kinatengenezwa kwa manyoya ya bawa moja la bukini. Bawa moja! La kushoto na la kulia hayachanganywi, yanajikunja tofauti. Sasa kile cha siku ile mtu alichomeka unyoya wa bawa lingine. Kikashuka kama mlevi. Wasichana wakakiona, wakapigwa butwaa.

— Uliuona huo unyoya?

— Nilikaa safu ya kwanza!

Yule mama akacheka nyuma ya barakoa, mabega yakatikisika. Kicheko hicho kikamtia Takwimu moyo, na Takwimu akitiwa moyo hushusha sauti.

— Mimi nitawaambia kitu ambacho sijawahi kusema. Mwaka ule nyuzi za nje zilikuwa zimeshaanza kuingia, bei chini kabisa. Wakubwa walitaka kuivunja timu. Timu inayoshinda unaivunjaje? Watu wangeandamana. Kwa hiyo chakula cha wasichana asubuhi ya fainali kilikuwa nini? Wali wa mchuzi wa kari. Sahani kubwa. Nani anacheza fainali na kari tumboni?

— Walikula kari kwa sababu waliomba kari, akasema Bibi Tofu. Niliwapelekea mimi. Sasa nami ni msaliti?

— Umeona! Takwimu akaninyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye niliyeshindwa. Alitumwa bila kujua!

Bibi Tofu akamtazama kwa huruma, kisha akatoa la kwake. Lilikuwa kwamba Chinatsu alishachumbiwa, kwamba mchumba alikuja kwa siri kutoka Kagoshima na kukaa juu upande wa mashariki, na kwamba kinyoya kilipopanda macho ya Chinatsu yalipanda nacho, yakamkuta huyo mchumba, yakabaki hukohuko.

— Alikuwa mzuri hivyo? akauliza yule mama.

— Sikumwona, mwanangu. Lakini ili binti akiache kinyoya cha fainali, si lazima awe mzuri?

— Mimi nasema hivi, Ngoma akakata maneno, na sasa hakuwa anacheka. Kiwe cha upepo, kiwe cha bukini, mimi sijali. Ninachojua, yule Chinatsu alikimbia. Mwenzake akaachwa peke yake kubeba. Mtoro ni mtoro.

— Ngoma.

— Acha niseme, Bibi. Mimi namnyoa mwalimu mkuu wa shule anakopika Kotoe. Kanisimulia. Siku ya michezo ya watoto, mzazi mmoja, mpumbavu tu, akamuuliza Kotoe mbele za watu: hivi kile kilikuwa cha nani? Mnajua alijibu nini? Aliinama, akasema, "Kilikuwa changu." Basi. Na si huyo peke yake. Kila anayemuuliza, jibu ni hilo. Kilikuwa changu. Miaka ishirini. Na yule mwenzake huko kusini anakula machungwa.

Yule mama aliweka kikombe chini. Alikiweka vibaya, kikalia kwenye kisahani, na mkono wake ukabaki juu yake kukituliza.

— Anasema hivyo? akauliza. Anasema kilikuwa chake?

— Kwa kila mtu.

Ng'ambo, deki ilikuwa imefika ukutani. Miguu ya Kotoe ikageuka, ikaanza safari ya kurudi. Yule mama aliitazama kwa muda mrefu. Nasi tuliitazama, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya.

— Niwaulize kitu kimoja, akasema. Hayo maneno yao mawili mliyosema. Siku ile, kwenye kinyoya kile, Kotoe aliita?

Takwimu alifungua mdomo mara moja, kama anavyofanya ukimuuliza chochote.

— Aliita... subiri. Refa alikuwa mama mmoja mrefu, nywele fupi. Kinyoya kilikuwa kipya, kilibadilishwa pointi mbili nyuma. Wapinzani walikuwa wamevaa nyekundu. Kuita... Kotoe aliita...

Akafunga mdomo. Katika umri wangu wote sijawahi kumwona Takwimu akifunga mdomo bila jibu kutoka.

— Bibi? nikasema.

— Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, akasema Bibi Tofu polepole. Nilikuwa napiga kelele. Nilikuwa nasema Kotochi, Kotochi. Sote tulikuwa tunasema.

— Mlikaa mbali? akauliza yule mama.

— Nyuma yao kabisa. Safu ya kwanza, nikasema. Karibu kama kutoka hapa mpaka kwenye lile dirisha.

— Kwa hiyo mngeweza kusikia.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyesafiri mbali kuja kuuliza hicho kitu kimoja, na amefika, na anaona waliokuwepo ndio hawa. Mimi nilijaribu kurudi siku ile. Niliona taa, niliona wavu, niliona vile visigino vinne vimesimama. Sauti niliyoipata ni moja tu. Goma. Dum, dum, Kotochi, dum, dum, Kotochi, mpaka benchi za ukumbi zikatetemeka. Sikupata hata sauti ya kinyoya kikigusa sakafu.

Sote, bila kupanga, tukamtazama Ngoma.

Mkono wake ulikuwa juu ya ngozi ya goma lake, umelala tu.

— Ilikuwa pointi ya mwisho, akasema. Ilibidi tuwatie nguvu. Ungekuwa wewe, dada, ungeacha kupiga?

— Hapana, akasema yule mama. Lilikuwa goma zuri. Lilikuwa linatutia... lilikuwa linatia watu moyo.

— Miaka yote nasema ni upepo, akasema Ngoma, lakini hakuwa anamwambia mtu.

Ndivyo tulivyokaa hapa miaka yote. Kijiwe kizima, watu wazima na akili zetu. Mtaa mzima ulilala na kuamka na maneno mawili ya wasichana wale, changu na chako. Tumejadili bukini, tumejadili kari, tumejadili mchumba asiyekuwepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kama siku ile mmoja aliita na mwenzake akashindwa kumsikia. Niliona aibu imenipanda mpaka masikioni, na sikuwa hata nimeshika fimbo ya goma.

Yule mama akasimama. Akainama kwetu, chini kabisa, akamwinamia na Masta aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi.

— Asanteni kwa nafasi. Nilidhani labda nyinyi mlisikia.

Akavuka barabara. Begi likakokoteka nyuma yake. Na hapo Bibi Tofu akanishika goti, akalibana kwa vile vidole vyake vya baridi.

— Pancha. Tazama miguu.

Nikashusha macho, nikarudi nilikozoea kutazama. Mguu wa kushoto ulikwenda vizuri. Wa kulia ulichelewa, ncha ya kiatu ikiburutwa ardhini kidogo kila anapovuta hatua, upande wa kidole gumba. Ile miguu tulikuwa tunaiona kila mchana. Viatu vyake vya mazoezi vilitoboka palepale, upande uleule, jozi baada ya jozi, na kocha alikuwa akimgombeza kwa kumaliza viatu vya kampuni.

— Mungu wangu, akasema Takwimu.

— Nimemwita mtoro, akasema Ngoma. Nimemwita mtoro na anakunywa kahawa.

— Masta! Wewe ulijua?

— Nyie mlimjua kwa miguu, akasema Masta. Mimi nilikuwa namwona akila. Mkate wa maharage, kila baada ya mazoezi. Ningekosaje?

— Na hukusema!

— Hakutaka kusemwa.

Ng'ambo, mlango mdogo wa jumba ukafunguka. Tukainama wote wanne, vichwa karibu na magoti, kama zamani. Viatu vya barabarani vikavuliwa mlangoni, soksi zikakanyaga sakafu inayong'aa. Deki ikasimama. Hatukusikia waliloambiana, na safari hii hakuna aliyesema alisikia. Tuliona miguu miwili ya Kotoe imesimama, na miguu miwili ya soksi imesimama mbele yake, mbali kidogo. Ikakaa hivyo. Halafu soksi zikasogea, zikasogea tena, mpaka ncha za vidole zikagusana na ncha za viatu, na hapo miguu yote minne ikatulia muda mrefu sana. Bibi Tofu alishika barakoa yake akajifutia macho, akasema ni chavua.

Kisha Kotoe akaenda, akarudi. Mikono yake ikaonekana, imeshuka hadi sakafuni, imebeba viatu vya kuchezea, vyeupe. Akaviweka chini na kuvigeuza, visigino kwa mvaaji, ili mwenzake aingize miguu bila shida. Alikuwa amevinunua lini, mimi sijui. Vilikuwa vipya.

Kina mama wawili wa timu ya jioni wakaingia upande wa pili wa wavu. Pa. Pa. Pa. Polepole mwanzoni. Chinatsu alikuwa mzito, akakosa cha kwanza, akakosa cha pili, tukamsikia akicheka, kicheko kilekile cha zamani. Ngoma alishika fimbo zake za goma kwa mazoea. Alikuja nalo ili alipige kwa ajili ya siku ya mwisho, mtaa mzima ulikuwa unalisubiri. Alizitazama zile fimbo, akazirudisha kwenye mfuko. Kisha akalivua lile koti la buluu, akalifunika goma, akaingiza pembe zake chini kama anayefunika mtoto.

— Hutapiga? nikamuuliza kwa kunong'ona.

— Nyamaza wewe.

Masta akatoka na birika, akaligeuza, likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, akasema. Nifunge?

Hakuna aliyeinuka. Naye akaweka birika chini, akaketi pembeni mwa benchi, mahali palipokuwa pa yule mama, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Masta ameketi.

— Changu! ikaita sauti ya kaskazini, nyembamba, safi.

— Chako! ikaita ya kusini.

Lori la mboga likapita. Ngoma alimtazama dereva wake kana kwamba angemla. Likapita, barabara ikatulia. Ndani, kinyoya kilipigwa juu sana. Tulijua kwa ule ukimya mrefu unaofuata. Miguu ya Kotoe ikarudi nyuma hatua moja, ikasimama. Miguu ya Chinatsu ikasimama. Kilikuwa kinashuka katikati. Hatukukiona, lakini tulijua, maana visigino vilikuwa vimesimama vilevile. Takwimu alikuwa ameufunika mdomo kwa mkono.

— Changu! akaita Chinatsu.

Mguu wa kulia ukaburutwa sakafuni, na tukasikia raketi ikikipata.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa tunasikiliza.